Kabla hujamwita mwandishi chawa, uliza nani alimlipia nauli

Mleta mada ameuliza swali ambalo limejibiwa kwa matusi tu tangu jana: kwa nini ukishika gazeti lolote siku hizi, au ukifungulia redio saa ya kusoma magazeti, unakutana na kiongozi yuleyule, kauli ileile, hata picha ni ileile? Wengi mmejibu kwamba waandishi wetu ni chawa, yaani wapambe wa wakubwa, wamenunuliwa. Nimefanya kazi hiyo mkoani kwa miaka, nyanda za juu kusini, kabla sijaamua kulima viazi, na naliona jibu hilo ni jepesi mno. Kununuliwa kuna mnunuzi na kuna bei. Wengi wetu hatukufika huko. Tulikuwa tunaomba lifti.

Ngoja nieleze, maana naona humu wapo watu wanaodhani kila jina lililo juu ya habari ni la mtu mwenye ofisi na mshahara. Walioajiriwa wapo, wengi wako Dar es Salaam na sasa Dodoma. Habari za mikoani zinaandikwa zaidi na watu wasio na mkataba wala bima, wanaolipwa kwa stori iliyotoka. Isiyotoka haina hela. Ikikatwa ikabaki aya mbili pembeni, inalipwa kama fupi. Gazeti nililokuwa naliandikia, na sitalitaja, lilikuwa linatoa elfu tano kwa stori ya kawaida na elfu kumi ikikaa ukurasa wa mbele. Hela yenyewe inakuja mwezi unaofuata, au ule wa baada ya huo. Simu ni yako, kamera ni yako, bando unanunua mwenyewe.

Sasa chukua siku moja ya kawaida. Mkuu wa wilaya anakwenda kuzindua mradi wa maji kwenye kijiji cha mbali, barabara ya vumbi. Afisa habari anatupia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp: gari la waandishi litaondoka saa mbili asubuhi mbele ya ofisi ya DC. Mnabanana humo, mnafika, mnakula wali kuku wa mwenyekiti wa kijiji, na jioni mnasaini fomu mnapewa posho. Hakuna anayekukonyeza, na hakuna bahasha inayopitishwa chini ya meza kama mnavyosimuliana. Ni fomu, ina mstari wa jina, namba ya simu na sahihi, na ile posho inazidi malipo ya stori mara tatu au nne.

Siku hiyo koki ilifunguliwa, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele, DC akanywa glasi nzima mbele ya kamera. Tukapiga picha. Wakati wenzangu wanapanda gari, mama mmoja mwenye ndoo akaniambia, "Mwanangu, we rudi Jumatatu uone." Kurudi Jumatatu maana yake ni bodaboda ya elfu thelathini kwenda na kurudi, kwa stori ya elfu tano. Mimi nilirudi kwa sababu binamu yangu alikuwa anapeleka mbao upande ule na fuso. Koki ilikuwa kavu. Kijana anayelinda tangi alinieleza bila kuficha lolote kwamba pampu haijaletwa, na kwamba siku ya mgeni maji yaliletwa na boza usiku wa kuamkia shughuli.

Nikaandika, nikaambatanisha picha. Dawati la habari wakauliza swali sahihi kabisa: DC anasemaje? Nikampigia, hakupokea. Nikamtumia ujumbe, kimya. Jioni akanipigia afisa habari, mpole, hana ugomvi: "Kaka, hiyo stori ya nini lakini? Wiki ijayo tuna ziara ya waziri, na nafasi kwenye gari ni chache." Basi, akaniaga akanitakia usiku mwema. Mhariri alisubiri upande wa pili mpaka stori ikachacha. Ile ya uzinduzi ilikuwa imeshatoka zamani, na picha ya glasi.

Hapo nioneshe nani alinunuliwa. Mhariri alifuata taratibu za kazi yake, afisa habari alizungumzia nafasi kwenye gari, mimi nikaenda kwenye ziara ya waziri maana nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Msomaji wa Kariakoo akasoma kwamba kijiji kimepata maji. Sasa zidisha hiyo kwa mikoa yote na kwa kila siku ya mwaka, ndipo utaelewa kwa nini habari zetu zinatembea na msafara. Anayeweza kubeba waandishi anaandikwa, na nchi hii wenye magari ya kutosha kubeba waandishi ni serikali, chama, mashirika ya wafadhili na kampuni chache. Wapinzani nao wakiwa na hela ya gari wanafanya vilevile, na nimepanda magari yao pia.

Kuna waliouliza kwa nini wahariri hawathubutu. Hapa nitawatetea kidogo, japo wengi wao hawakuwahi kunitetea mimi. Mhariri ana kampuni ya kulinda, na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 gazeti linaishi kwa leseni ambayo serikali inaweza kuisimamisha. MwanaHalisi lilifungiwa miezi 24 mwaka 2017. Mwaka huohuo Raia Mwema na Tanzania Daima yakapigwa siku 90 kila moja. The Citizen likakaa kando siku 7 mwaka 2019. Tanzania Daima likaja kufutiwa leseni kabisa mwaka 2020. Mwaka 2024 majukwaa ya mtandaoni ya kampuni ya Mwananchi yakasimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni iliyogusa watu wanaopotea.

Lakini kwangu mimi mfano mzito ni wa gazeti la Uhuru, Agosti 2021. Hilo ni gazeti la CCM yenyewe. Liliandika kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025, jambo ambalo hakulisema kwenye mahojiano waliyoyanukuu, na likafungiwa siku 14. Kosa lilikuwepo, sibishi. Ila jiweke kwenye kiti cha mhariri yeyote wa gazeti binafsi asubuhi ile. Umeona gazeti la wenye nyumba limefungiwa kwa kutafsiri kauli ya mkubwa vibaya. Wewe utafanya nini? Utachukua kauli kama ilivyotoka mdomoni, utaiweka juu kwa herufi kubwa, utaweka picha aliyotuma afisa habari, utakwenda nyumbani kulala. Mwenzako wa gazeti la pili naye hivyohivyo. Kesho yake mleta mada anapita kibandani anashangaa magazeti sita yana kichwa kimoja.

Na kwenye hili mtu wa kumtazama ni Nape Nnauye, aliyekuwa waziri wa habari, ambaye humu mnamgombania kila akitajwa, nusu mnamwita shujaa wa habari na nusu mnamwita aliyeiua. Zote mbili ni kweli. Januari 2016 ndiye alisimama bungeni kutangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, sababu ikiwa gharama, na siku ile polisi waliingia ukumbini kuwatoa wabunge wa upinzani waliopinga. Ndiye aliyeisukuma ile sheria ya 2016 mpaka ikapita. Halafu Machi 2017, Paul Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, picha za kamera za usalama zikamwonesha akiingia kituo cha utangazaji cha Clouds usiku na askari wenye silaha, na Nape huyohuyo akaunda kamati, akapokea ripoti, akaondolewa uwaziri. Siku ile alipotaka kuongea na waandishi nje ya hoteli, mtu akamtolea bastola mbele ya kamera. Akarudi wizarani Januari 2022, na mwezi mmoja baadaye akayafungulia magazeti manne: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Julai 2024 akatenguliwa tena, safari hii kwa maneno aliyoyatoa Bukoba kuhusu jinsi ushindi wa uchaguzi unavyopatikana.

Mimi sina ugomvi na Nape kama mtu. Ninachokiona ni kwamba aliyefunga mlango ndiye aliyekuja kuufungua, na tukampigia makofi. Gazeti ambalo uhai wake unategemea waziri wa leo ni nani haliwezi kumtuma mtu akakae kijijini wiki nzima kuchunguza pampu.

Makonda naye anafundisha kitu, msinipige mawe. Baada ya lile la Clouds, Jukwaa la Wahariri na wenzao walitangaza kutoandika habari zake. Uamuzi ule niliupenda. Haukudumu. Sababu wengi mnasema ni woga, ila nadhani yeye anaijua biashara ya habari kuliko baadhi ya waliomgomea. Alipokuwa mkuu wa mkoa Arusha mwaka 2024 alikuwa anasikiliza kero hadharani, mtu analia, ofisa anaulizwa papo hapo, na kamera zote zipo. Hiyo ni picha tayari, haihitaji nauli ya kwenda kijijini wala wiki mbili za kusaka nyaraka. Televisheni za mtandaoni, ambazo mnasema humu zitatukomboa, ndizo zinazoishi kwa chakula hicho. Kijana ana simu, kipaza sauti chenye nembo na stendi, analipwa kwa idadi ya watazamaji. Unategemea akafuate nini, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, yenye kurasa mia kadhaa? Na tusisahau kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilianza kwa kumtaka alipe zaidi ya milioni mbili kabla hajarusha chochote. Ada zilishushwa baadaye, lakini wale waliokuwa wanaandika blogu za maana wilayani wengi walishafunga.

Kuna mchangiaji kasema waandishi wa mikoani wangekuwa na ujasiri wangeandika tu bila kujali gari la DC. Ndugu yangu, waliofanya hivyo tunawakumbuka kwa majina. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Septemba 2, 2012 kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye shughuli ya CHADEMA, katikati ya polisi. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa. Askari mmoja alifungwa miaka 15, mwaka 2016, kwa kuua bila kukusudia. Azory Gwanda aliyekuwa anaandikia Mwananchi kuhusu mauaji ya Kibiti alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana mpaka leo. Huyu alikuwa mwandishi wa kujitegemea hasa, wa kulipwa kwa stori kama mimi. Kwa hiyo ukimwambia mtu awe jasiri, mwambie pia familia yake itakula nini akipotea.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ndiyo siku mfumo wote ulionekana ulivyo. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Redio niliyokuwa naisikiliza ilikuwa inapiga muziki na kurudia taarifa za tume ya uchaguzi, wakati jirani yangu anapigiwa simu na mwanawe wa Dar kwamba mtaani kwao kuna milio ya risasi. Matokeo yakatangazwa, Rais Samia asilimia 97.66. Novemba Rais alikiri bungeni kwamba watu wamekufa, akatangaza tume ya uchunguzi. Video zilizopigwa na Watanzania kwa simu zao, kwenye mitaa ya Watanzania, tulikuja kuchambuliwa na CNN na BBC. Nawajua vijana waliokuwa na picha kwenye simu zao siku ileile ya tukio. Walinyamaza, na mkiwauliza wao binafsi watawaambia hofu ilikuwepo, lakini pia hakuna mhariri aliyepiga simu kuwauliza wana nini.

Nimemaliza kulalamika, nijibu na swali la mwisho la mleta mada, kwamba je, serikali iwalipe waandishi mishahara ili wasitegemee posho. Hapana. HabariLeo na TBC tayari wanalipwa na serikali, fungua uone kama hilo limesaidia. Nachotaka ni kidogo sana: kila habari ya ziara au uzinduzi iwe na mstari mmoja chini unaosema mwandishi alisafirishwa na nani. Magazeti ya nje yanafanya hivyo kwenye safari za watalii na uzinduzi wa magari. Haihitaji sheria mpya, haihitaji waziri. Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri wanaweza kukubaliana kikao kimoja. Wataikataa, na wataikataa kwa sababu ukurasa wa tatu wote utakuwa na mstari huo.

Wanaoniuliza kwa ujumbe binafsi yule DC ni nani, acheni. Ameshastaafu, na wenzake wanaofanya vilevile wako kazini.