Jicho la Mtoto Halitibiwi kwa Kopo la Maziwa

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miezi mitano. Jicho lake la kushoto huingia ndani, upande wa puani, hasa akichoka au akiniangalia kwa karibu. Mama mkwe wangu anasema watoto wote huwa hivyo, na kwamba babu yake alikuwa na makengeza akaishi nayo mpaka uzeeni. Nimerudi kazini baada ya likizo ya uzazi, maziwa yangu yamepungua, na ninataka kumwanzishia maziwa ya kopo. Dukani nimeonyeshwa kopo lililoandikwa kuwa lina virutubisho vya macho na ubongo, lakini bei yake ni karibu mara mbili ya mengine. Nikijibana nikalinunua, jicho litanyooka? Na kama si hilo, nichague lipi? — Mama wa Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo mawili, na ninakuomba uyatenganishe kabla hujatoa hata shilingi moja dukani. Jicho ni la kupelekwa hospitali. Maziwa ni ya kuchaguliwa kwa umri wa mtoto na kwa uwezo wenu wa kuyanunua na kuyaandaa kwa usafi mwezi hadi mwezi. Hakuna kopo, la bei yoyote ile, linalonyoosha jicho.

Nianze na jicho, kwa kuwa ndilo lisilosubiri. Mama mkwe wako hajakosea kabisa, maana watoto wachanga wengi hupoteza mwelekeo wa macho mara kwa mara katika wiki za mwanzo, wakati ubongo bado unajifunza kuyaongoza yote mawili kwa pamoja, na hali hiyo hutulia mtoto anapofikisha miezi mitatu au minne. Binti yako ameshapita umri huo. Na huyo babu aliyeishi na makengeza mpaka uzeeni ni sababu ya kuharakisha, kwa sababu makengeza hufuata ukoo.

Wapo watoto wanaoonekana kama wana makengeza ilhali hawana: pua ikiwa bado bapa na pana katikati ya macho, ngozi hufunika sehemu ya weupe wa jicho upande wa ndani, na anayetazama hudhani jicho limeingia. Unaweza kulichunguza jambo hili nyumbani. Mwambie mwenzako ampakate mtoto, nawe ukae mbele yake umbali wa hatua moja, ushike tochi yenye mwanga hafifu karibu na uso wako, kisha uangalie nukta ya mwanga inayong'aa katika kila jicho. Nukta zote mbili zikikaa mahali palepale, huenda ni umbo la pua tu. Moja ikikaa katikati ya mboni na nyingine ikawa imesogea pembeni, jicho limepinda kweli. Halafu lifunike jicho moja kwa kiganja, na baadaye jingine. Mtoto anayelia na kuusukuma mkono wako unapofunika jicho la kulia, lakini akatulia unapofunika la kushoto, anakuambia ni jicho gani analolitegemea. Hata hivyo, majaribio haya yakitoka vizuri bado usiache kwenda hospitali, kwa sababu tochi haiwezi kukuonyesha kama jicho moja linahitaji miwani kuliko jingine.

Kinachonitia wasiwasi si sura ya jicho. Macho yakielekea pande mbili tofauti, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana, nao hatimaye huipuuza moja. Jicho linalopuuzwa linaweza kuwa zima kabisa ukilitazama, lakini uwezo wake wa kuona haukui, na hilo ndilo tunaloliita jicho vivu. Linaweza pia kutokea bila makengeza yoyote, kama jicho moja lina upungufu mkubwa wa kuona kuliko jingine, kama kope imelegea na kuifunika mboni, au kama mtoto amezaliwa na mtoto wa jicho. Matibabu hutegemea chanzo. Wengi hupewa miwani, na wengine hufunikwa jicho linaloona vizuri kwa muda fulani kila siku, au hutiwa matone ya kulififisha, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Baadhi hufanyiwa upasuaji wa misuli. Upasuaji huo huyanyoosha macho, lakini peke yake haulifundishi jicho vivu kuona. Kazi hii huzaa matunda zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka saba hivi, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa nyepesi.

Kwa hiyo wiki hii chukua kadi ya kliniki, nenda pale unapompimia mtoto uzito, uwaeleze wazi kwamba jicho linaingia ndani na kwamba babu alikuwa na makengeza, kisha uombe rufaa ya kliniki ya macho katika hospitali ya mkoa, pale Ligula. Ikihitajika mabingwa wa macho ya watoto, mtaelekezwa mbele zaidi, pengine Dar es Salaam, kwenye hospitali kama Muhimbili au CCBRT. Na ikiwa siku yoyote utaona weupe ndani ya mboni, au picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu ikaonyesha jicho moja jeupe na jingine jekundu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda upesi, kwa sababu weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na saratani hiyo ikiwahiwa hutibika.

Neno moja kuhusu wanja, kwa kuwa ninaijua desturi yetu ya pwani. Usimpake mtoto wanja machoni, wala usimkamulie maziwa ya mama jichoni kwa nia ya kulitibu. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Sasa maziwa. Vile virutubisho vinavyosifiwa kwenye kopo kwa kawaida ni mafuta yaitwayo DHA. Ni mafuta yaliyomo hata katika maziwa ya mama, na tafiti za watoto waliozaliwa kwa wakati hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba kuyaongeza kwenye maziwa ya kopo kunamfanya mtoto aone vizuri zaidi. Makengeza hayaguswi nayo kabisa. Fedha ya ziada unayotaka kuitoa itakufaa zaidi ikiwa nauli ya kwenda kliniki ya macho.

Kabla ya kopo, tazama kama maziwa yako yanaweza kurudi. Hupungua kwa sababu hayatolewi mchana kutwa, nayo huongezeka matiti yakikamuliwa mara kwa mara na mtoto akinyonya sana usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili ndani ya siku ya kazi kwa ajili hiyo. Ziombe bila kuona haya. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo kilichochemshwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne, na kwa joto la Mtwara mimi ningepunguza hata hapo. Umebakiza mwezi mmoja tu kabla ya miezi sita, umri ambao mtoto huanza vyakula vingine huku akiendelea kunyonya.

Ikibidi kopo, chukua la maziwa ya kwanza, yale yaliyoandikwa kwamba ni ya kuanzia kuzaliwa, yenye madini ya chuma, ambalo muda wake haujaisha na mfuniko wake haujafunguliwa. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaweka bayana virutubisho ambavyo maziwa ya namna hiyo lazima yawe navyo, kwa hiyo la bei nafuu lililokidhi kiwango hicho linamtosha mtoto mwenye afya. Maziwa ya soya na yale yasiyo na laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, huhitaji ushauri wa daktari, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka.

Piga hesabu mapema. Mtoto wa umri huo anayetegemea kopo peke yake humaliza kopo la gramu 400 kwa siku tatu hivi, na hapo ndipo nyumba nyingi huanza kupunguza vijiko na kuongeza maji ili lifike mwisho wa wiki. Mtoto hushiba maji, uzito husimama. Fuata vijiko vilivyoandikwa kwenye kopo. Chemsha maji, yaache yasizidi nusu saa, koroga unga yakiwa bado ya moto kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, kisha upoze kabla ya kumpa. Tumia kikombe kidogo, maana chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha, na atakayoyabakiza uyamwage.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne alipewa kiraka cha kufunika jicho linaloona vizuri kwa muda wa saa mbili kila siku. Anakivua na kulia. Tumefikiri tuache mpaka msimu wa korosho upite. Kuna ubaya? — Baba wa Tandahimba

JIBU: Upo, ndugu yangu. Miezi ya msimu ni mingi katika umri wa mtoto huyo, na jicho lililoanza kuamka linaweza kurudi nyuma. Saa mbili kila siku zimethibitika kuwatosha watoto wengi ambao tatizo lao si kali, kwa hiyo usilione agizo hilo kuwa dogo. Bandika kiraka kwenye ngozi, si juu ya miwani ambako atachungulia pembeni, na ukibandike wakati ana kitu cha karibu cha kufanya: kuchambua maharage, kutunga shanga, kuchora. Mtu mmoja nyumbani, bibi au dada yake, akabidhiwe kazi hiyo mkiwa shambani. Usiongeze muda kwa uamuzi wako, kwa kuwa jicho linaloona vizuri likifunikwa kupita kiasi nalo hudhoofu, na tarehe ya kurudi kliniki uitimize hata kama siku hiyo kuna mnada.