Shangazi, babu tumwandikie mwaka gani msalabani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Babu yetu alifariki mwaka jana huku kijijini wilaya ya Kongwa, mzee alipendwa sana yule, msibani watu walitoka mpaka Mpwapwa na Dodoma mjini. Sasa tunajengea kaburi ila tumekwama kwenye mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho cha NIDA kinasema 1938, kadi ya kliniki 1945, baba mkubwa kang'ang'ania 1930 maana anataka mzee aonekane kafika tisini na kitu. Babu mwenyewe alikuwa anasema tu wazungu wa karanga walivyokuja na matingatinga yao yeye alikuwa anachunga ndama. Kwenye grupu la familia tumebishana mpaka wengine washalefti. Tuandike upi?
Mjukuu, Kongwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Mbona jibu babu kawaachia mwenyewe jamani! Ule mpango wa karanga wa Waingereza ulianza hapo Kongwa 1947 ukaja kufa 1951, hasara tupu, mvua zetu mnazijua. Sasa nyie ni watu wa mifugo, ndama anachungwa na nani? Katoto ka miaka sita, saba, tisa hivi, tena hapohapo karibu na nyumbani, akikua ndo anakabidhiwa ng'ombe wakubwa aende nao mbali. Kwa hiyo kama wazungu wanafika babu yuko na ndama, basi kazaliwa kati ya 1938 na 1941. Ile 1945 haiwezekani, angekuwa na miaka miwili, achunge nini? Na ya baba mkubwa ndo kabisaa, 1930 maana yake ana miaka kumi na saba, jibaba zima na fimbo yake linachunga ndama, si angechekwa.

Ila msiishie hapo. Kama alibatizwa utotoni nendeni kanisani muombe kuangaliziwa kitabu cha ubatizo. Halafu mtafuteni mzee yeyote aliyeingia naye jando, nadhani hata mmoja hamtakosa, na msimuulize mwaka, wazee wetu mwaka walikuwa wanaujua kwa njaa na kwa matukio, ndo maana ile njaa ya 1918 mpaka 1920 Ugogo kote inaitwa Mtunya mpaka leo. Muulizeni mlitoka jando karanga zinaendelea au wazungu washaondoka? Uhuru 1961 babu alikuwa ashaoa? Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Hapo washa simu urekodi, maana akishaanza habari za jando mwaka mtausahau, mtasikia babu yenu alikuwa mtundu wa kiasi gani, mambo ambayo msibani hakuna aliyeyasema kwa sababu kulikuwa na mchungaji.

Cheti cha kifo na karatasi za mirathi ziacheni zifuate kitambulisho, hiyo 1938 msiiguse, mahakama ya mwanzo na benki wakiona tarehe mbili mtazungushwa mpaka mchoke. Msalabani ni kwenu, andikeni "yapata 1940", watu wanaandika hivyo na si aibu. Mimi kwa kweli ningeongeza na mstari mmoja chini, "alichunga ndama wakati wa karanga", vitukuu wakipita waulize karanga gani tena.

Baba mkubwa msimjibu kwenye grupu. Mfuateni nyumbani jioni mkae, mumwombe yeye ndo aende kwa huyo mzee wa jando akaulize, ni mkubwa wa ukoo na ni haki yake. Akirudi na 1930 yake, niandikie tena.