Si lazima usamehe ndipo upone

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Sisi huku Changamwe hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua, lakini sokoni bado anakwenda mwenyewe. Umeniuliza jambo moja na ukataka nikujibu bila kuzunguka: je, ni kweli alivyokwambia shangazi yako kwenye simu, kwamba hutapona mpaka umsamehe yule mzee wa kanisa aliyewaita watu wakuombee eti uache kupenda wanaume, na kwamba harusi ya dada yako Desemba ndiyo nafasi ya kuyamaliza? Si kweli, mwanangu. Nikueleze kwa nini, maana shangazi yako anajua kusema na mtu akalainika.

Amekwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hata mimi huisema methali hiyo, watu wakigombania mpaka wa shamba. Lakini lako bado halijapita. Kati ya wale waliokufungia katika nyumba ile, hakuna hata mmoja aliyesimama akasema: tulimfunga kijana wa watu kamba, tukampiga, tukayaita maombi. Wanachosimulia ni kwamba ulikuwa na pepo, wakakuombea, ukatulia, ukaenda Marekani. Nilipokuja kukuchukua, kamba ya katani ilikuwa imekuchubua vifundo vya mikono yote miwili. Jioni ile ulishindwa kumega ugali. Mama yako alikumegea tonge moja moja akakulisha, wala hakuna aliyesema neno mezani. Vile vidonda vilikauka kwa mafuta ya nazi tu. Kilichobaki ni huo usingizi unaokatika saa tisa za usiku, na wa kukusaidia ni yule mshauri unayemwona huko Oakland, na huyo mwenzako anayeamka nawe. Yule mzee hana dawa yoyote ya kukupa.

Na tazama ni nani anayeambiwa asamehe. Ni wewe peke yako. Hapo hapo California, mwaka 1953, Bayard Rustin, Mmarekani mweusi aliyepigania haki za weusi, alikamatwa mjini Pasadena kwa sababu ya kufanya mapenzi na wanaume wenzake, akafungwa. Miaka kumi baadaye yeye ndiye aliyeyapanga Maandamano ya Washington ya 1963, yale ambayo Martin Luther King alihutubia. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, seneta Strom Thurmond alisimama katika Seneti akamwanika kwa kesi ile ile ya Pasadena. A. Philip Randolph, mzee wa harakati, alikataa kumtupa, na watu kama 250,000 wakakusanyika. Rustin alifariki 1987. Mwaka 2020 gavana wa California akatangaza kumpa msamaha. Nafurahi kwamba jina lake lilisafishwa, lakini jambo hilo huniuma: aliyeonewa ndiye aliyesamehewa. Sitaki yakupate hayo hapa nyumbani, uketishwe mbele ya wazee wakusamehe kwa jinsi ulivyo, nawe uwashukuru.

Walioumizwa hapa kwetu wametafuta njia nyingine. Mwaka 2015 polisi waliwakamata wanaume wawili Kwale kwa kuwashuku kuwa wanapendana. Wakapelekwa hospitali, wakavuliwa nguo, wakapimwa njia ya haja kubwa kwa nguvu, eti utafutwe ushahidi. Walikwenda mahakamani wakashindwa mwaka 2016. Wakakata rufaa, na Machi 2018 Mahakama ya Rufani hapa Mombasa ikasema vipimo vile vilivunja Katiba. Nilisoma habari ile mara nyingi. Watu wawili waliodhalilishwa kiasi kile walikubali yasemwe yote mbele ya majaji, mara ya kwanza na ya pili, mpaka serikali ikaambiwa imekosea. Sijui kama waliwasamehe polisi, na mahakama haikuwauliza.

Umeandika pia kwamba kanisani kwa weusi wenzako unaficha kitu kimoja, na kwa mashoga weupe unajikuta unameza kingine. Hilo limenikumbusha Simon Nkoli wa Afrika Kusini. Alikuwa mmoja wa washtakiwa 22 katika kesi ya uhaini ya Delmas, kijana aliyepinga ubaguzi wa rangi. Akiwa mahabusu aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Wengine walitaka asihukumiwe pamoja nao, wakihofia aibu. Hakuomba radhi, wala hakujitenga nao. Walibishana ndani ya gereza mpaka wakabaki kundi moja, na mwishowe aliachiwa huru. Oktoba 1990, kwenye maandamano ya Johannesburg, aliuambia umati kwamba yeye ni mweusi na ni shoga, na kwamba hawezi kuvitenganisha vita hivyo viwili. Katiba ya nchi yake ya 1996 ikaja kukataza ubaguzi wa aina zote mbili. Hao waliobishana naye gerezani walibadilika kwa sababu alibaki mbele yao mzima mzima.

Sitakudanganya kuhusu huku. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kinachotumika kuwaadhibu wanaume wanaolala pamoja, tulichoachiwa na Waingereza, bado kipo, na miaka yake 14 ya jela. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba watu kama wewe wana haki ya kusajili chama chao, na kelele zilizofuata mitaani ulizisikia hata wewe huko. Kwa hiyo ukija, mtafikia kwangu wewe na mwenzako, si hotelini.

Shangazi yako nimeshamwambia hakuna kikao. Kama yule mzee ana la kusema, akaliseme mbele ya kanisa lile lile aliloliita kukuombea, uwepo usiwepo. Akikataa, hatakaa na wazee wa bibi harusi. Dada yako ndiye aliyelisema hilo kwanza, nami nimekubaliana naye. Siku ile nataka usimame upande wangu tukimtoa. Ukiona moyo haujawa tayari, usijilazimishe. Mimi na mama yako tutaomba viza tuje huko. Nijulishe kabla ya mwezi kuisha, kwa sababu fundi anataka vipimo vyako vya suti.

Baba yako