Penyuari ile ilikuwa ya nani?

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Ni kitu gani cha bure ulichowahi kupewa, ukabaki hujui kama ni chako?" Jibu langu ni penyuari, lile koti la taulo la kuvaa ukitoka kuoga. Zilikuwa mbili, nyeupe, kwenye chumba cha meli, na nusura zinikosanishe na mke wangu.

Kwanza niseme kazi yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Nina presingi, yaani duka la kufulia nguo, hapa Lubumbashi, upande wa Kamalondo. Penyuari nazijua kwa mikono: nimefua za hoteli, za saluni, za maharusi. Kuvaa ndiyo sikuwahi. Kwetu mtu akitoka kuoga anajifunga kitenge au taulo, mambo yamekwisha. Hata jina lenyewe tumelichukua kwa Wafaransa, na kwao lilitokana na kuchana nywele. Lilikuwa joho la kujifunika mabegani wakati unachanwa.

Mtoto wetu wa kwanza anafanya kazi Durban, kwenye ofisi ya kutoa makontena bandarini. Mtu wa Lubumbashi anaijua Durban hata kama hajafika, kwa sababu vitu vingi vya madukani kwetu vilipita pale kabla ya kupakiwa kwenye lori mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Akatuita, akatulipia siku tatu za meli ya utalii, kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Safari ya basi ya kufika huko ni hadithi nyingine, siigusi.

Meli niliyoijua mimi ni Liemba. Niliipanda Mpulungu nikiwa kijana, mjomba alinituma Kigoma kwa biashara ya dagaa, nikalala juu ya magunia huku wenye pesa wakilala kwenye kabini za daraja la kwanza. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Ziwa Tanganyika vipande vipande ikaunganishwa huko. Kijana wangu akaniambia kiwanda kile kile cha Meyer siku hizi kinaunda meli za utalii zenye ghorofa juu ya ghorofa. Basi nikapanda ngazi kama mtu anayekwenda kuwaona wadogo zake Liemba.

Chumba chetu kilikuwa cha bei ya chini, cha ndani, bila dirisha. Nikafungua kabati: hanga chache na maboya mawili ya kuvaa, rangi ya machungwa. Maboya hayo ndiyo tuliyofundishwa kabla ya chochote. Zamani meli iliweza kungoja hadi saa 24 ndipo iwakusanye abiria wapya kwa zoezi la hatari. Baada ya meli ya utalii Costa Concordia kulala ubavu kule Italia mwaka 2012, zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mke wangu alilichukua kwa uzito wote. Alirudi chumbani bado anajipima kamba za boya kifuani, akaacha mlango wazi, na hapo ndipo akawaona majirani wa ng'ambo ya ukumbi wakipita kwenda kwenye bwawa, mume na mke, kila mmoja ndani ya penyuari nyeupe mpaka magotini.

"Papa, wale wamezipata wapi? Sisi mbona hatuna?"

Kijana wangu akatueleza. Kwenye meli nyingi penyuari inafuata aina ya chumba. Aliyelipia vyumba vya juu anaikuta imetundikwa tayari. Wa chumba cha ndani kama sisi, inategemea kampuni, na mara nyingine inategemea mdomo wako: unamwomba mhudumu wa chumba, zikiwepo anakuletea bila malipo. Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Indonesia, mwenye tabasamu la mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. Kijana wangu akamwomba. Akasema atatazama.

Jioni tulipotoka kula, tukazikuta kitandani zimekunjwa, na juu yake tembo. Tembo wa taulo, ana mkonga, ana masikio, ana macho ya karatasi. Mke wangu akakataza mtu kumgusa kabla ya picha. Mimi nilikuwa na shida nyingine: nilitaka kumfungua nione amekunjwaje. Alipoingia bafuni nikamfungua. Taulo mbili tu, moja ya mwili na miguu, moja ndogo ya kichwa, hakuna pini hata moja. Kumrudisha alivyokuwa kulinishinda, nikakamatwa.

Sasa penyuari yenyewe. Pamba yenye vitanzi pande zote mbili, si ile nyembamba ya vijumba kama sega la nyuki. Niliipima kwa mkono: ikilowa hiyo ni mzigo. Wakati wa mvua hapa kwetu, umeme ukikatika, koti kama hilo linakaa kwenye kamba siku mbili na bado kola ina unyevu. Lakini ilikuwa laini na bado inanyonya maji, jambo ambalo presingi nyingi zinaliharibu kwa kumwaga dawa ya kulainisha bila kipimo; ile dawa inafunika vitanzi, koti linanukia vizuri na halikaushi mtu. Nyeupe nayo si kwa urembo. Nyeupe zote unazitia pamoja, maji ya moto, dawa moja, huogopi rangi kuchuja. Nikawaza juu ya watu wa dobi walio chini kabisa ya meli, mashine zinaunguruma usiku na mchana kwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na kwa mara ya kwanza maishani nikavaa koti lililofuliwa na mtu mwingine.

Kwenye mkanda kulikuwa na kikaratasi. Kijana wangu akatusomea: karibuni mtumie mkiwa melini, ukiipenda unaweza kununua, ikikosekana chumbani, bei yake itaandikwa kwenye hesabu yako. Hesabu hiyo ndiyo kadi ile ile inayofungua mlango, kila unachokunywa kinaingia humo.

Hapo ugomvi ukaanza. Mke wangu ni mtu wa soko la Njanja. Kwake, mwuzaji akishakupimia meka ya unga lazima atupie konzi moja juu, na hiyo konzi ni matabishi, inaingia kwenye mfuko wako, hakuna anayekufuata nyumbani kuidai. "Wamesema bure," akasema, "na bure inakwenda na mwenyewe." Nikamwambia hii ni ya kuazimwa. Akanirushia jambo ambalo mpaka leo sina jibu lake: kwenye ile kadi kulikuwa na pesa za wahudumu, zinakatwa kila siku, kwa kila kichwa, hata kabla hujaona huduma. "Matabishi tunayotoa sisi wanatukata bila kutuuliza. Yao wanayotupa tuyaache. Hiyo ni hesabu ya wapi?"

Nilinyamaza. Hata hivyo siku ya kushuka, sheria ya presingi ilinishika: mfuko kwanza. Nikapekua penyuari yake kabla ya kuitundika, nikatoa vipakiti vinne vya sukari na sabuni mbili ndogo. Hivyo tulibeba, hakuna meli inayodai sabuni. Penyuari akaitundika mwenyewe, akafunga mkanda kwa hasira, akampa yule kijana wa Indonesia noti mkononi juu ya zile zilizokatwa.

Mwezi wa sita uliofuata, baridi ya Lubumbashi ilikuwa kali, asubuhi mtu unavuta pumzi unaona moshi. Mke wangu akarudi kutoka sokoni na kitu kwenye mfuko wa plastiki. Ametoa kwenye belo la mitumba, faranga kidogo tu: penyuari nyeupe, na kifuani imetariziwa jina la hoteli ya Ulaya. Akaivaa palepale juu ya kitenge, akanigeukia.

Niliishika kola. Vitanzi vimelala, pindo limeanza kufumuka, imefuliwa mara nyingi sana. Huenda hoteli yenyewe iliichoka ikaitoa. Huenda mgeni mmoja hakusoma kikaratasi. Nikamwuliza kama ameangalia mifuko.

"Nimeangalia," akasema. "Kulikuwa na kitana."