Nina miaka 19 na kitambulisho, mbona mama hanioni mtu mzima?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mimi ni kijana wa Kisauni, nina miaka 19, kitambulisho nilitoa mwaka jana na sahizi namsaidia mjomba kuuza vitunguu soko la Kongowea, analipa kila jioni. Shida ni mama. Isha ikipita sijaingia nyumbani simu inaanza kulia, nikifika napekuliwa mifuko, hela ya siku anazoa yeye mi naachiwa ya chai. Nikamwambia mama mimi ni mtu mzima, sheria inanitambua, akacheka weee mpaka majirani wakasikia! Nataka nihamie chumba Bamburi na beshte yangu. Nakosea?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwa sheria uko sawa, katiba ya 2010 inasema mtu mzima ni aliyefika miaka 18, unapiga kura, unaoa ukitaka, unasaini mkataba wa nyumba. Na kwa dini ulibaleghe kitambo, swala na saumu zikawa juu yako bila kungoja serikali. Ila kwenye pesa soma Suratun Nisaa aya ya 6, mayatima wanajaribiwa mpaka wafike umri wa kuoa na wakionekana wana busara ndio wanapewa mali yao, na hapo ni mali yao wenyewe eti. Sasa mama atakujaribu vipi na kila jioni anazoa zote? Hapo namlaumu yeye, tena sana.

Lakini kumtajia mzazi sheria, aa, ungecheka hata wewe.

Kaa naye asubuhi, si usiku akiwa amechoka, uwe na kidaftari umeandika wiki hii umepata ngapi na zimeenda wapi. Mwombe akuachie bili moja tu, tuseme tokeni za stima, iwe yako kabisa, kukiwa giza hapo nyumbani lawama ni zako. Mpe fungu la kodi mkononi mwenyewe kabla hajauliza, na ukichelewa mtumie meseji kabla hajapiga, haikugharimu kitu. Mambo ya kupekuana mifuko mtume mjomba akaseme naye, ni ndugu yake na ndiye anayekulipa, atasikizwa.

Chumba nacho si kodi peke yake, kuna deposit, godoro, jiko, maji ya mkokoteni kila siku mifereji ikikauka, na mkataba ukiandikwa jina lako beshte akatoroka usiku mwenye nyumba atakudai wewe mzima mzima, hakuna cha kumwita mama. Mikopo ya simu pia vivyo hivyo. Mi ningengoja mpaka uone hizo tokeni zimekushinda au la. Halafu huyo beshte wako anafanya kazi gani, mbona hukusema?