Kupanga onyesho la mwisho wa mwaka la wanafunzi wa sanaa za maonyesho

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba darasa lenu lina wanafunzi 18, kwamba mmepewa dakika 75, na kwamba kila mmoja anataka kuigiza peke yake. Nimeshiriki maonyesho ya namna hii kwanza nikiwa mwigizaji, kisha nikiwa msimamizi wa jukwaa, na naona kwamba tatizo lenu la kwanza ni la hesabu.

Mkigawana dakika tatu tatu, mtatumia dakika 54, na hapo wengi huridhika. Hata hivyo, kati ya vipande 18 kuna mabadiliko 17 ya jukwaa, na kila badiliko likichukua dakika moja ya kuhamisha viti, hadhira itakaa gizani zaidi ya robo saa, nanyi mtafika dakika 71 kabla ya kuhesabu makaribisho, vicheko na makofi. Vipande tisa vya watu wawili wawili, vya dakika tano kila kimoja, vitachukua dakika 45 na mabadiliko manane tu. Isitoshe, mwigizaji hupimwa vizuri zaidi anapomsikiliza mwenzake, na mwongozaji aliyekuja kutafuta vipaji hulitazama hilo kabla ya kujali sauti kubwa au machozi.

Katika kuchagua matini, nashauri kila mtu achukue mhusika ambaye angeweza kupewa leo, kwa umri na sauti aliyonayo. Kijana aliyepakwa unga kichwani ili awe mzee huwafurahisha jamaa zake, lakini hamwonyeshi mgeni kitu atakachokitumia. Ombeni pia idhini mapema: tamthilia za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, hazidaiwi hakimiliki, ila tafsiri mpya ya tamthilia hizo inaweza kuwa na mwenye hakimiliki wake, na hata kufupisha matini inayolindwa huhitaji ruhusa.

Mpangilio wa vipande msiupigie kura, kwa sababu kila mtu atataka kuwa wa mwisho. Aachiwe mwongozaji mmoja, ambaye atahakikisha kwamba vipande viwili vya huzuni havifuatani, kwamba mwigizaji mwenye mavazi magumu hapangwi mara mbili mfululizo, na kwamba kipande cha kwanza kinaweza kuvumilia watazamaji wanaochelewa kuketi. Mimi hupendelea kufungua kwa kipande kifupi cha kundi zima.

Siku ambayo haifai kupunguzwa kwa hali yoyote ni ile ya mazoezi ya kiufundi. Siku hiyo hamwigizi. Mnaruka kutoka ishara moja ya taa au sauti hadi nyingine, na kila badiliko linarudiwa mpaka mhamisha kiti ajue anaingilia wapi na anatokea wapi. Alama za viti zibandikwe sakafuni kwa utepe, na nyuma ya pazia iachwe taa hafifu ya buluu, kwa kuwa mtu anayetoka ghafla kwenye mwanga mkali huwa haoni kitu kwa muda. Waigizaji huichukia siku hii kwa sababu ya kusimama bila kufanya lolote, na malalamiko yao msiyajali sana. Baada yake fanyeni zoezi moja kamili, kwa maleba yote, yaani mavazi ya jukwaani, na saa mkononi, bila kusimama hata mtu akisahau maneno.

Kuhusu alama za masomo, mwombeni mhadhiri aeleze kwa maandishi jinsi atakavyowapima wanafunzi wa taa, sauti na maleba, kwani kazi yao ikienda sawa huwa haionekani. Majina yao yaandikwe kwenye karatasi ya programu kwa ukubwa uleule wa majina ya waigizaji. Hatimaye, fanyieni mazoezi hata kule kuinama mbele ya hadhira: watu 18 wasiojua nani anaanza wanaweza kuwamalizia dakika mbili mlizookoa kwa taabu.