Usithubutu kusafiri Israeli jioni ya tarehe 20 Septemba, Yom Kippur (Siku ya Upatanisho ya Wayahudi) itakuwa imeshaanza

Mleta uzi, hayo maswali mengine kuhusu sikukuu zote za Wayahudi na mila zake ntakujibu kadiri ntakavyoweza ila kwanza hiyo ratiba yako ibadilishe leo hii. Umeandika kwamba kundi la kanisa lenu linatua uwanja wa ndege wa Ben Gurion Jumapili asubuhi tarehe 20 Septemba 2026, mnapitia Yafa na Kaisaria halafu jioni mnapanda Yerusalemu, "kwa sababu Yom Kippur ni Jumatatu tarehe 21". Hapo hapo ndo nilipoumia mimi. Yom Kippur hiyo inaanza JUMAPILI JIONI jua likizama. Jumatatu ni mchana wake tu.

Mwaka 2022 nilikuwa katibu wa safari, tulikuwa watu 14 kutoka Dar. Kalenda ya wakala ilisema Yom Kippur ni Jumatano tarehe 5 Oktoba, kwa hiyo akatupangia Jumanne tushinde Tiberia, tupande mashua Ziwa la Galilaya, saa 11 jioni tuanze safari ya Yerusalemu. Kwenye kikao cha mwisho mama mmoja Msabato akauliza, hivi sikukuu yao si inaanza jua linapozama kama Sabato? Wakala akacheka, akamwambia mama hayo ni mambo ya ibada, sisi huku tunafuata ratiba. Na mimi nikanyamaza. Yule mama alikuwa sahihi kwa kila neno, na mtu aliyelipwa hela yetu ndo alikuwa hajui.

Basi Jumanne saa 6 mchana dereva akanifuata, namwonyesha karatasi imeandikwa saa 11, yeye hata hakuiangalia, akanyoosha kidole juu kuonyesha jua. Akasema ama tuondoke sasa hivi ama anatuacha, maana lazima awe nyumbani kwake mapema kabla ya mfungo. Sasa watu 8 wako ziwani kwenye mashua! Napiga simu hazipatikani. Wamerudi saa 8 na nusu, dereva keshaondoka na mimi nimekaa na mabegi 14 kwenye veranda ya nyumba ya wageni nawasubiri.

Nikasema tutapanda basi la kawaida. Hakuna, yameshasimama tangu mchana. Teksi hakuna. Duka pale chini mwenyewe anashusha mlango wa chuma mbele ya macho yangu. Na usifikiri ni kama sikukuu ya kwetu ambapo Mangi atafungua dirisha ukigonga, nchi nzima inasimama: uwanja wa ndege unafungwa tangu mchana wa mkesha mpaka usiku wa siku ya pili, redio na TV zao zinakata matangazo, barabara kuu inabaki watoto na baiskeli zao. Tuliwaona pale, wamejaa katikati ya lami usiku wanashindana, na wazee wamevaa nguo nyeupe wanaenda sinagogi na viatu vya plastiki, maana siku hiyo viatu vya ngozi havivaliwi. Wanafunga kama saa 25, hata maji hawagusi, hadi jioni ya pili ile pembe ya kondoo, shofa, ipulizwe. Ni siku yao ya toba na nimeiheshimu sana baada ya kuiona. Lakini tulikuwa na mama ana kisukari na chakula chetu chote ni biskuti na machungwa sita. Mlinzi wa ile nyumba alitupa sufuria la wali na dengu la kwake mwenyewe, Mungu ambariki popote alipo.

Yerusalemu tumefika Alhamisi mchana na ndege ni usiku huohuo. Hoteli ya siku mbili tumelipa hatujalala, ya Tiberia tukalipia tena, jumla dola 1,900 zimekwenda. Hela inauma ila kuna mzee alidunduliza miaka mitatu kwa ajili ya safari hii, Kanisa la Kaburi Takatifu kakaa dakika 20. Nikikutana naye mpaka leo natafuta la kusema.

Na wala si jambo geni kwetu! Mwanzo sura ya 1 inasema ikawa jioni ikawa asubuhi, jioni ndo imetangulia. Walawi 23 kuhusu siku hii hii inasema tangu jioni hata jioni. Watu wa pwani wanajua kabisa usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jioni, na mwezi wa Ramadhani ukiandama tarawehe inaswaliwa usiku ule ule kabla hata hujafunga siku ya kwanza. Kwa hiyo ukiona tarehe ya sikukuu ya Kiyahudi kwenye kalenda, rudi nyuma jioni moja. Zote. Rosh Hashana, ule mwaka mpya wao wa tofaa na asali, Pasaka ya mkate usiotiwa chachu, hata Hanuka ya mishumaa japo Hanuka mabasi yanatembea kama kawaida.

Usinakili za mwaka jana pia. 2025 Yom Kippur ilikuwa tarehe 2 Oktoba, 2026 ni 21 Septemba, 2027 ni 11 Oktoba. Miezi yao ni ya mwandamo ila kuna miaka wanaongeza mwezi mzima, mara 7 kila miaka 19, ili Pasaka isitoke kwenye majira yake, ndo maana inaruka mbele na nyuma.

Sikukuu ya Vibanda (Sukkot) mnayoiendea inaanza Ijumaa jioni tarehe 25, na Ijumaa jioni ni Sabato pia, kwa hiyo siku hiyo ikifika saa 6 mchana muwe mmeshafika mnapolala na chakula mmenunua. Mimi ningetua Jumanne tarehe 22. Kama tiketi haibadiliki basi Jumapili mkishuka nendeni Yerusalemu moja kwa moja, Yafa na Kaisaria mtazirudia, na huyo wakala akuandikie dereva anawashusha saa ngapi. Akikwambia "jioni", piga simu kwa mwingine. Ukishabadilisha rudi hapa uniambie.